Matumizi ya kwanza ya skani ya CT katika Hospitali ya Atkinson Morley

Matumizi ya kwanza ya skani ya CT kwa mgonjwa yalifanyika tarehe 1 Oktoba 1971 katika Hospitali ya Atkinson Morley iliyokuwa Wimbledon, kusini-magharibi mwa London, Uingereza. Hospitali hiyo ilikuwa chini ya Hospitali ya St George's, mojawapo ya hospitali za kufundishia madaktari jijini London, na ilijulikana hasa kwa matibabu na upasuaji wa ubongo. Mashine ilibuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, naye daktari wa radiolojia James Ambrose ndiye aliyesimamia matumizi yake kwa wagonjwa.

CT ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya "tomografia ya kompyuta". Neno tomografia linatokana na maneno mawili ya Kigiriki: "tomos", yaani kipande kilichokatwa, na "graphein", yaani kuandika au kuchora. Ni njia ya kupata picha ya kipande chembamba cha mwili bila kuukata. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi huita kipimo hiki "siti skani".

Tukio la Wimbledon lilikuwa mwanzo wa badiliko kubwa katika tiba. Kabla yake, kuuona ubongo wa mtu aliye hai kulihitaji fuvu kufunguliwa, au mgonjwa kupitia vipimo vyenye maumivu na hatari. Baada yake, mgonjwa aliweza kulala dakika chache juu ya kitanda, na daktari akaona kilichomo ndani ya kichwa chake.

## Hali ilivyokuwa kabla ya CT

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na baada ya muda mfupi madaktari walikuwa wakipiga picha za mifupa iliyovunjika na risasi zilizokwama mwilini. Lakini picha ya kawaida ya eksirei ina upungufu mkubwa: ni kivuli. Kila kitu kilicho katika njia ya miale huangukia juu ya kingine kwenye filamu moja. Kichwani shida huzidi, kwa sababu mfupa wa fuvu hunyonya miale mingi, huku sehemu mbalimbali za ubongo zikitofautiana kidogo sana. Katika picha ya kawaida, uvimbe, damu iliyovuja na ubongo mzima huonekana kama kitu kimoja chenye rangi ya kijivu.

Kwa hiyo madaktari walilazimika kutafuta njia za kuzunguka. Njia mbili zilitumika sana.

Ya kwanza ilitokana na kazi ya daktari wa upasuaji Mmarekani Walter Dandy, miaka ya 1918 na 1919. Mgonjwa alichomwa sindano kwenye uti wa mgongo, sehemu ya majimaji yanayozunguka ubongo ikatolewa, na hewa ikaingizwa mahali pake. Hewa ilipanda hadi kwenye nafasi za ndani ya ubongo, na kwa kuwa haizuii eksirei, nafasi hizo zilionekana kwenye filamu. Kama nafasi moja ilikuwa imesukumwa upande, daktari alikisia kwamba kuna kitu kinachoisukuma. Mgonjwa aliinamishwa na kugeuzwa huku na huko ili hewa ifike panapotakiwa. Baadaye aliumwa kichwa vikali na kutapika, mara nyingi kwa siku kadhaa. Kwa mwenye shinikizo kubwa ndani ya fuvu, kipimo chenyewe kiliweza kumuua.

Njia ya pili ilianzishwa na Egas Moniz wa Ureno mwaka 1927. Dawa inayozuia eksirei ilidungwa katika mshipa mkubwa wa shingoni, kisha picha zikapigwa haraka wakati dawa inapita katika mishipa ya ubongo. Mshipa uliopinda au kusogea ulikuwa dalili ya uvimbe. Njia hii ilisaidia sana, nayo ingali ikitumika kwa namna iliyoboreshwa, lakini ilikuwa na hatari ya kusababisha kiharusi.

Katika njia zote mbili uvimbe wenyewe haukuonekana. Daktari aliona vitu vya jirani vilivyosogezwa, akakisia mahali ulipo.

## Hospitali yenyewe

Atkinson Morley ilifunguliwa mwaka 1869 ikiwa mahali pa kupumzikia wagonjwa wa St George's waliokuwa wakipata nafuu. Ilijengwa kwa fedha alizoacha Atkinson Morley, mwenye hoteli ambaye katika ujana wake alikuwa amesomea udaktari St George's. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia daktari Wylie McKissock alianzisha hapo kitengo cha upasuaji wa ubongo, na hospitali ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya kazi hiyo nchini Uingereza.

Sifa hiyo ndiyo iliyoifanya ifae kwa jaribio. Wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo, damu iliyovuja na majeraha ya kichwa walifika kila wiki. Kulikuwa na wapasuaji ambao wangefungua fuvu na kusema kama picha ilisema kweli. Na kulikuwa na James Ambrose, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekwisha kutafuta njia nyingine za kuuona ubongo bila kuuchoma sindano wala kuupasua.

## Godfrey Hounsfield na wazo la sanduku

Hounsfield alizaliwa tarehe 28 Agosti 1919 karibu na mji wa Newark, Nottinghamshire, akakulia shambani. Tangu utotoni alipenda kuchunguza mashine za shamba na kujitengenezea vifaa vya umeme. Wakati wa vita alijiunga na jeshi la anga, akafanya kazi ya rada. Baadaye alisoma uhandisi wa umeme katika chuo cha Faraday House, London; hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Akiwa EMI aliongoza kundi lililotengeneza EMIDEC 1100, mojawapo ya kompyuta za kwanza za Uingereza zilizotumia transista badala ya vali.

Mwaka 1967, akiwa katika matembezi mashambani, alijiuliza swali: ukiwa na sanduku lililofungwa, je, unaweza kujua kilichomo kwa kupitisha miale kutoka pande zote na kupima kiasi kinachotokea upande wa pili? Aliona kwamba vipimo vingi vya namna hiyo vinaweza kuchukuliwa kuwa milinganyo ya hesabu, na kompyuta inaweza kuifumbua. Badala ya sanduku, akafikiria kichwa cha mtu.

EMI ilijulikana kwa rekodi za muziki na vifaa vya elektroniki, wala haikuwa kampuni ya vifaa vya hospitali. Kwa hiyo mradi uliomba msaada wa Wizara ya Afya na Hifadhi ya Jamii ya Uingereza. Maofisa wa wizara waliukubali na kumkutanisha Hounsfield na madaktari wa radiolojia, miongoni mwao Ambrose.

## Kazi ya Allan Cormack mjini Cape Town

Hounsfield hakujua kwamba hesabu za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kufanywa. Mwaka 1917 mwanahisabati Johann Radon wa Austria alikuwa amethibitisha kwamba umbo lote linaweza kupatikana kutokana na jumla za mistari inayopita ndani yake.

Tena, mwaka 1956, mwanafizikia Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg na kufundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa kusaidia katika Hospitali ya Groote Schuur, ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya chuo hicho. Sheria ilitaka mwanafizikia asimamie matumizi ya vitu vyenye unururifu, na aliyekuwapo alikuwa ameacha kazi. Cormack alienda huko siku moja na nusu kila wiki kwa miezi sita. Aliona kwamba wapangaji wa tiba ya mionzi walikokotoa dozi kana kwamba mwili wote ni kitu cha aina moja, wakati mifupa, mapafu na misuli hunyonya mionzi kwa viwango tofauti. Akaanza kutafuta hesabu ya kupima tofauti hizo kutoka nje.

Mwaka 1957 alijaribu kwa kifaa rahisi: duara la alumini lililozungukwa na mbao, pamoja na chanzo cha mionzi ya gama. Matokeo yalionyesha kasoro ndogo katikati. Alipouliza karakana, aliambiwa kwamba kipande cha katikati kilikuwa cha alumini safi na sehemu iliyokizunguka ilikuwa ya alumini iliyochanganywa na metali nyingine. Cormack hakuwa na habari hiyo. Vipimo vyake ndivyo vilivyomwonyesha.

Alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, akiwa amekwisha kuhamia Marekani. Karibu hakuna aliyeijali. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba ombi la kuvutia kuliko yote la kutaka nakala lilitoka katika kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

## Majaribio ya maabara

Hounsfield alianza na vifaa hafifu. Alitumia kitanda cha mashine ya kerezo, akafunga chanzo cha mionzi ya gama upande mmoja na kipokezi upande mwingine. Kitu cha kupimwa kilisogezwa kidogo kidogo na kugeuzwa hatua kwa hatua. Mionzi ilikuwa dhaifu, hivyo kupata vipimo vya picha moja kulichukua siku 9, na kompyuta kubwa ilihitaji saa 2 na nusu kukokotoa vipimo vipatavyo 28,000. Alipobadilisha chanzo na kuweka bomba la eksirei, muda wa kupima ulipungua kutoka siku 9 hadi saa 9.

Kwanza alipima vitu vya plastiki na chuma, kisha ubongo wa binadamu uliohifadhiwa katika dawa. Picha zilionyesha waziwazi tofauti ya sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo. Furaha ilipunguzwa na shaka: ilibainika kwamba dawa ya kuhifadhia ilikuwa imeongeza tofauti hiyo. Ndipo akatumia ubongo mbichi wa ng'ombe kutoka machinjioni. Tofauti ilikuwa ndogo zaidi, lakini ilionekana. Hapo ikawa na maana kujenga mashine kwa ajili ya wagonjwa.

## Jinsi hesabu inavyotoa picha

Msingi wa hesabu hiyo unaweza kueleweka kwa mfano mdogo. Chukua mraba uliogawanywa katika visanduku vinne: A na B juu, C na D chini. Kila kisanduku kina namba iliyofichwa, inayoonyesha kiasi cha miale kinachonyonywa hapo. Haturuhusiwi kukifungua, tunaruhusiwa tu kupitisha mwale na kupata jumla ya visanduku ulivyopita.

Tukipitisha miale kwa ulalo tunapata A + B = 12 na C + D = 8. Tukipitisha kwa wima tunapata A + C = 11 na B + D = 9. Je, hayo yanatosha? Hayatoshi. Namba 5, 7, 6 na 2 zinatimiza masharti yote, lakini namba 4, 8, 7 na 1 nazo zinayatimiza.

Sasa tupitishe mwale mmoja wa mshazari, kutoka A hadi D, tupate A + D = 7. Tukijumlisha mistari mitatu inayopita A, yaani 12 + 11 + 7, tunapata 30. Katika jumla hiyo A imehesabiwa mara tatu, na B, C na D mara moja moja. Visanduku vyote vinne kwa pamoja ni 12 + 8, yaani 20. Ziada ya 10 ni A mbili. Kwa hiyo A ni 5, B ni 7, C ni 6 na D ni 2. Shaka imekwisha, na hakuna kisanduku kilichofunguliwa.

Ndiyo maana mashine ya CT hupitisha miale kutoka pembe nyingi. Pembe chache huacha majibu mengi yanayowezekana. Katika mashine ya kwanza, kila kipande cha kichwa kiligawanywa katika visanduku 80 kwa 80, yaani visanduku 6,400. Hakuna mtu ambaye angefanya hesabu hiyo kwa mkono kwa kila mgonjwa. Ndipo kompyuta ilipohitajika.

## Mashine ya kwanza ilivyofanya kazi

Mgonjwa alilala chali, kichwa chake kikiwa ndani ya kofia ya mpira iliyoingia katika sanduku la maji. Maji yalijaza nafasi kuzunguka kichwa ili miale isipite hewani mahali pamoja na katika mfupa mahali pengine. Hivyo tofauti kati ya vipimo ikawa ndogo na rahisi kupimwa kwa usahihi.

Bomba la eksirei lilikuwa upande mmoja wa kichwa na vipokezi upande wa pili, vimefungwa kwenye fremu moja. Mwale mwembamba ulivuka kichwa kutoka upande hadi upande, ukichukua vipimo 160. Kisha fremu iligeuka nyuzi 1, ikavuka tena. Hivyo iliendelea hadi nyuzi 180, na jumla ya vipimo ikawa 160 mara 180, yaani 28,800. Mzunguko mmoja ulichukua dakika 4 hadi 5. Kwa kuwa vipokezi vilikuwa viwili vilivyopangwa sambamba, vipande viwili vya jirani vilipimwa kwa pamoja, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 13 hivi. Ili kukipima kichwa kutoka chini hadi juu, mizunguko kadhaa ilihitajika, na mgonjwa alipaswa kutulia kabisa muda wote huo.

Matokeo yalikuwa namba. Kila kisanduku kilipewa namba yake. Maji yalihesabiwa kuwa 0. Namba hizo zilichapwa kwenye karatasi, au kugeuzwa kuwa weusi, weupe na kijivu kwenye kioo, kisha picha ikapigwa. Kipimo hicho kilirekebishwa baadaye na kuitwa kipimo cha Hounsfield. Leo hewa huhesabiwa kuwa -1,000, maji 0, sehemu za ubongo kati ya 20 na 40 hivi, damu mbichi iliyoganda kati ya 50 na 80 hivi, na mfupa mgumu mamia mengi hadi kupita 1,000.

Kutokana na namba hizo mtu anaweza kuona kwa nini eksirei ya kawaida ilishindwa. Tofauti kati ya ubongo mzima na damu ni ndogo mno ikilinganishwa na tofauti kati ya ubongo na mfupa. Hounsfield alikadiria kwamba njia yake ilikuwa na uwezo wa kutambua tofauti ndogo mara 100 hivi kuliko eksirei ya kawaida.

## Mgonjwa wa kwanza

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke wa umri wa miaka 41, aliyeshukiwa kuwa na uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo. Alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971. Hospitali haikuwa na kompyuta ya kufanya hesabu, hivyo vipimo vilirekodiwa kwenye kanda ya sumaku, na kanda ikasafirishwa hadi mahali palipokuwa na kompyuta kubwa nje ya hospitali. Picha hazikupatikana hapohapo kama leo, ilibidi kusubiri.

Picha iliporudi, ilionyesha waziwazi uvimbe wa duara wenye majimaji katika upande wa kushoto wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mgonjwa alipasuliwa. Kwa masimulizi ya Hounsfield, daktari aliyempasua alisema kwamba uvimbe ulionekana sawasawa na ulivyokuwa kwenye picha.

Neno hilo la mpasuaji ndilo lililokamilisha jaribio. Maabara ilikuwa imeonyesha kwamba mashine inaweza kuchora ubongo wa ng'ombe. Lakini picha iliyotengenezwa kwa hesabu huzua swali ambalo filamu ya kawaida haizui: je, kinachoonekana kipo kweli, au kimetokana na kosa la hesabu? Jibu lingeweza kupatikana tu mahali ambapo picha na ubongo wenyewe vingelinganishwa, mgonjwa baada ya mgonjwa. Ambrose na wenzake waliendelea kufanya hivyo katika miezi iliyofuata, na haikuchukua muda kuona kwamba picha zilitegemewa.

## Yale yaliyojulikana katika miaka ya kwanza

Jambo la kwanza lilihusu kiharusi. Kiharusi hutokea kwa sababu mbili kuu: mshipa kuziba, au mshipa kupasuka na damu kuvuja. Dalili za nje zaweza kufanana kabisa, kama vile kupooza upande mmoja na kushindwa kusema, lakini matibabu ni tofauti. Dawa ya kuzuia damu isigande yaweza kumsaidia mmoja na kumuua mwingine. Katika picha ya CT damu mbichi huonekana nyeupe, na sehemu iliyokosa damu huwa nyeusi zaidi kadiri muda unavyopita. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kutofautisha hali hizo mbili bila kumchoma mgonjwa.

Jambo la pili lilikuwa matumizi ya dawa yenye iodini. Ambrose alieleza kwamba dawa hiyo ikidungwa katika mshipa wa mkono, aina fulani za uvimbe hung'aa zaidi kwenye picha, kwa sababu dawa hupenya katika mishipa yake isiyo ya kawaida. Uvimbe uliokuwa ukifanana na ubongo unaouzunguka ukajitenga. Njia hii inatumika hadi leo.

Jambo la tatu lilikuwa mionzi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1973 pamoja na taarifa za Hounsfield na Ambrose ulionyesha kwamba dozi ya mashine hiyo ililingana kwa kadiri na ile ya seti ya picha za kawaida za fuvu.

Mapungufu nayo yalionekana. Mgonjwa aliyetikisika aliharibu picha, na wenye majeraha ya kichwa mara nyingi hawatulii. Sehemu ya chini ya ubongo, iliyozungukwa na mifupa minene, ilionekana vibaya. Damu iliyokaa wiki kadhaa hufikia namba sawa na ubongo na kujificha. Tena, kwa sababu ya sanduku la maji, mashine ilifaa kwa kichwa tu.

## Kutangazwa na kuenea

Hounsfield na Ambrose walitangaza matokeo mwezi Aprili 1972 katika mkutano wa mwaka wa taasisi ya radiolojia ya Uingereza. Mwezi Novemba mwaka huo matokeo yalionyeshwa Chicago katika mkutano mkubwa wa madaktari wa radiolojia wa Amerika ya Kaskazini. Taarifa kamili zilichapishwa katika jarida la British Journal of Radiology mwezi Desemba 1973.

Mashine zilizofuata zilikuwa na kompyuta ndogo kando yake, hivyo kanda hazikuhitaji tena kusafirishwa. Katikati ya mwaka 1973 mashine za kwanza nchini Marekani zilianza kazi katika Mayo Clinic, Rochester, Minnesota, na katika Massachusetts General Hospital, Boston, hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1974 Robert Ledley wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, alianza kutumia mashine yake ya ACTA, ambayo haikuhitaji sanduku la maji na iliweza kupima mwili mzima.

Bei ilizua mabishano. Mashine moja iligharimu zaidi ya dola 300,000, na huko Marekani watu waliuliza kama kila hospitali ilihitaji kuwa nayo. Waliotetea walitaja wagonjwa waliookolewa na mateso ya vipimo vya hewa. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha, kipimo cha hewa kilikuwa kimeachwa karibu kila mahali palipokuwa na CT.

Mara nyingi husemwa kwamba mashine hii ilitokana na fedha za rekodi za kundi la Beatles, kwa kuwa EMI ndiyo iliyouza muziki wao. Masimulizi hayo hayatoshi. Wizara ya Afya ya Uingereza ilichangia gharama, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mchango wake ulizidi wa EMI. EMI yenyewe haikudumu katika biashara hiyo. Makampuni makubwa ya vifaa vya tiba yaliingia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imejitoa.

## Tuzo ya Nobel na urithi

Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa tiba, wala aliyekuwa na shahada ya uzamivu, na walikuwa wamefanya kazi bila kujuana. Cormack alifariki mwaka 1998, Hounsfield tarehe 12 Agosti 2004.

Hospitali ya Atkinson Morley ilifungwa mwaka 2003. Huduma zake zilihamishiwa St George's, eneo la Tooting, katika jengo linaloendelea kuitwa Atkinson Morley, na majengo ya zamani ya Wimbledon yakageuzwa kuwa makazi.

Mashine za leo hupima kwa sekunde chache kile kilichochukua nusu saa mwaka 1971, na picha zake zina visanduku vingi na vidogo zaidi. Kanuni ni ileile: miale kutoka pembe nyingi, na hesabu ya kufumbua kilichofichwa. Katika Afrika ya Mashariki kipimo hiki hupatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, ambako mara nyingi hutumika kwa wagonjwa wa kiharusi na majeruhi wa ajali za barabarani. Kwa mgonjwa aliye mbali na miji hiyo, safari ya kuifikia mashine bado yaweza kuwa ndefu na gharama kubwa. Swali linalojibiwa ni lile lililoulizwa Wimbledon: ndani ya fuvu hili kuna nini, na je, linapaswa kufunguliwa?